Usidanganywe na Kisanduku

Dada msomaji, majuzi nilizunguka maduka ya vipodozi mjini Kitale nikimtafutia mpwa wangu wa Bungoma zawadi ya kuhitimu chuo. Nikaonyeshwa kisanduku cha kupendeza ajabu: rangi 12 za macho, poda, lipstiki na kioo, vyote kwa bei ya kutupa. Rangi zenyewe za kahawia na maziwa, zile zinazosemekana humfaa kila mtu. Kila mtu nani? Nilijipaka mkononi, zikabaki kama majivu ya jikoni! Ngozi zetu nyeusi zataka kahawia iliyokolea, shaba, au rangi ya matofali. Suzie Wokabi aliliona hilo mapema akaanzisha SuzieBeauty, iliyonunuliwa na Flame Tree mwaka 2016. Fenty Beauty ilifika Kenya 2022.

Tena kisanduku hakikuwa na alama ya KEBS wala tarehe ya kuharibika. Jicho si ukucha. Binti wa jirani yangu alivimba kope siku tatu kwa kuazima penseli ya wanja ya mwenzake.

Nilikirudisha, nikanunua rangi mbili tu na brashi. Mpwa wangu alinuna alipoona udogo wa kifurushi. Jumapili akaenda kanisani amejipaka shaba, na mamake akamwomba brashi.