Anayeuliza Juu ya Chanjo Si Adui



Kwanza niseme nimesimama wapi, nisije nikaambiwa nimetumwa. Mimi ni muuguzi, nina shahada, nafanya kazi wodini huku Uingereza, na mwaka 2021 niliwachoma watu sindano ya Korona mpaka nikaacha kuhesabu. Hakuna kampuni inayonilipa chochote zaidi ya mshahara wangu, ambao nao mnajua unavyokwisha kabla ya tarehe ishirini. Na mimi mwenyewe nilipoitwa kuchanjwa Desemba 2020 niliomba nipangiwe siku nyingine. Nilikaa karibu mwezi mzima nasoma usiku baada ya zamu. Kwa hiyo mtu akiniambia anaogopa, simcheki.

Agosti 2021 shangazi yangu wa Tanga alinipigia. Ana sukari na presha. Dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kutoka Marekani zilikuwa zimeingia Dar mwishoni mwa Julai, na Rais Samia alikuwa ameshachanjwa mbele ya kamera Julai 28. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, mwezi wa kwanza tuliambiwa hazifai. Sasa tunaambiwa twende. Hebu niambie, ukweli walikuwa wanausema lini?"

Jamani, mngemjibu nini?

Maana hakuwa ameota. Januari 27, 2021, akiwa Chato, hayati Rais Magufuli alisema chanjo hazifai, na kwamba kama mzungu angekuwa anaweza kutengeneza chanjo basi angeshaleta ya Ukimwi, ya kifua kikuu, ya malaria na ya saratani. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyenyanyuka kumkumbusha kwamba chanjo ya kifua kikuu, BCG, ipo tangu 1921, na wengi wetu tuna kovu lake begani. Wala kwamba serikali yake yeye mwenyewe ilianza 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ya saratani ilikuwa inatolewa kwenye zahanati zake! Washauri walikuwepo, wamekaa kimya.

Na tulikuwa tunazikana. Takwimu zilisimamishwa Mei 2020 zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikagandia hapo mwaka mzima na zaidi. Mwanzoni mwa 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa na ujasiri wa kutangaza kwamba Maalim Seif ana Korona. Akafariki Februari 17. Kwa wengine wote tuliandikiwa "changamoto ya upumuaji". Mjomba wangu alikwenda wiki hiyo hiyo, kwa changamoto hiyo hiyo. Tulimzika kwa simu, mimi nimejifungia chooni kazini nikiangalia video ya WhatsApp inayokatikakatika.

Sasa naomba nieleweke, maana hapa ndipo wenzangu wa upande wa chanjo watakaponuna. Sisi nasi tulikosea. Tulikuwa tunawaambia watu "ni salama kabisa" na "ukichanja huugui". Yote mawili hayakuwa kweli, na mengine tulijua.

Chukueni ile asilimia 95 ya Pfizer iliyotangazwa 2020. Wengi walielewa kwamba katika watu mia waliochanjwa watano wataugua. Sivyo. Katika majaribio kulikuwa na makundi mawili, kila moja karibu watu 18,000. Waliochomwa sindano isiyo na dawa waliugua 162, waliochanjwa waliugua 8. Hiyo ndiyo 95. Ilipimwa kwa miezi michache tu, na kwa kirusi cha wakati ule. Omicron ilipotangazwa kutoka kusini mwa Afrika Novemba 2021, kinga dhidi ya kuambukizwa ikashuka sana, waliochanjwa wakaugua kwa wingi, nikiwemo mimi. Kilichobaki imara zaidi ni kinga dhidi ya kulazwa na kufa. Nimeyaona wodini: baridi ya mwanzo wa 2021 na baridi ya 2022 hazikufanana hata kidogo. Lakini tulishaahidi kwamba hamtaugua, kwa hiyo mtu alipokohoa akasema tumemdanganya. Nitambishia vipi?

Na usalama. Mpaka mwisho wa Machi 2021 hapa Uingereza zilikuwa zimetolewa dozi za AstraZeneca zaidi ya milioni 20, na watu 79 wakapatikana na ugonjwa wa damu kuganda huku chembe sahani zimeshuka, 19 walifariki. Aprili 7 ikashauriwa walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine, na mwezi uliofuata ikapandishwa hadi 40. Ni wachache? Wachache sana. Kwa mzee wa miaka 70 hesabu ilikuwa wazi, Korona ilikuwa hatari kuliko sindano mara nyingi mno. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye afya hesabu haikuwa hivyo, ndiyo maana wakabadilisha. Hata ile Johnson & Johnson, Marekani waliisitisha siku kumi Aprili 2021 baada ya wanawake sita kuganda damu katika dozi karibu milioni saba, kisha wakairudisha. Shangazi yangu alikuwa na haki ya kuyajua haya kutoka kwa daktari wa Tanga, si kutoka kwa sauti isiyo na jina kwenye kundi la WhatsApp.

Nyumbani badala ya majibu ikatolewa adhabu. Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe wakati ule, alizipinga chanjo madhabahuni, akaitwa kwenye kamati ya Bunge na kusimamishwa mikutano miwili. Mengi aliyoyasema yalikuwa upotoshaji, sina kigugumizi katika hilo. Lakini hoja haijibiwi kwa kumfungia mtu mlango. Huku nako hawakuwa bora: Novemba 2021 England walifanya chanjo kuwa sharti la kufanya kazi kwenye nyumba za wazee, kazi ambayo nusu ya akina dada zetu ndiyo inawalisha, na Machi 2022 wakaifuta sheria yenyewe. Aliyeacha kazi kwa woga hakurudishiwa miezi yake.

Tena wanaosema Mwafrika hana sababu ya kuwa na shaka hawajasoma. Kano, Nigeria, 1996: watoto 200 walitumika kwenye majaribio ya dawa ya Pfizer wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, 11 wakafariki, kampuni ilikana kosa, lakini 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo. Pakistan, 2011: majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya uongo ya chanjo kumtafuta Osama. Aprili 2020: daktari na mtafiti wa Ufaransa, kwenye televisheni, wanajadili kufanyia jaribio Afrika. Na vuli ya 2021, aliyechanjwa AstraZeneca Nairobi akitua Heathrow alihesabiwa hajachanjwa, chanjo ile ile, nyingine ikiwa imetolewa msaada na Uingereza yenyewe. Hivi kweli tunashangaa watu wakiuliza?

Shangazi nilimwambia yote, la damu na la Omicron halikuwepo bado. Nikamwambia kwa umri wake na sukari yake ningekuwa mimi ningechoma. Akanyamaza kidogo, akasema atafikiri. Wiki mbili baadaye alikwenda Bombo na jirani yake, akarudi na homa ya siku moja na kulalamika mkono.

Ninachotaka kwa serikali ya nyumbani si kingine. Uingereza wameunda tume, na Januari 2025 ikakaa kusikiliza habari za chanjo peke yake, hadi familia za walioumizwa na sindano zikapewa nafasi ya kusema hadharani. Sisi tulipata kamati ya wataalamu 2021, ikapendekeza takwimu zirudi na chanjo ziletwe, vizuri. Lakini ule mwaka wa giza, Mei 2020 hadi Juni 2021, nani amewahi kuufungulia faili? Madaftari ya wodi yapo. Vibali vya mazishi vipo. Waitwe waliokuwa wizarani waulizwe walijua nini na lini, na waliokufa wahesabiwe. Mjomba wangu hayumo katika wale 21.