Miguu Tuliyopewa na Mungu Tuitumie

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo, Mwenyezi Mungu alitupa milima na akatupa miguu ya kuipanda. Wazee wetu walipanda na kushuka mabonde ya Ruvubu na Kagera na mikungu ya ndizi kichwani, wala hawakuona ajabu. Leo mtu mzima anaita bodaboda ya kutoka barabarani hadi sokoni, mwendo ambao mtoto wa shule anaumaliza huku anacheza. Linaloniudhi zaidi ni kumwona mgonjwa wa kisukari anatoka kliniki, kadi ya dawa bado iko mkononi, muuguzi ametoka kumwambia atembee, naye anapakiwa kwenye pikipiki getini.

Mkulima anayeshinda shambani simsemi. Nawasema wafanyabiashara, makarani, walimu wenzangu na madereva wa malori wa Rusumo na Nyakanazi, tunaokaa kutwa nzima. Ajizi ni nyumba ya njaa, na siku hizi ni nyumba ya maradhi pia.

Katika kisukari cha aina ya pili, sukari ikizidi damuni kwa muda mrefu, ndani ya seli huzaliwa kemikali kali zitokanazo na oksijeni. Hizo huharibu mishipa ya damu, macho, figo na neva za miguu. Mwili una vimeng'enya vya kuzizima, kama katalasi, lakini kwa mgonjwa mara nyingi huzidiwa. Kutembea kwa kasi au kuendesha baiskeli mara kwa mara kunasaidia kwa njia mbili: msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata pale insulini inapolegea, kisha msuli huohuo hutoa kemikali hizo kidogo kidogo, na mwili hujibu kwa kuongeza kinga, yaani vile vimeng'enya. Ndivyo kiganja kinavyoota sugu kwa kushika jembe.

Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa wanakaribia kuugua kisukari hicho. Waliopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliomeza dawa ya metformini, kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Sisi nusu saa inatushinda?

Tena siwezi kuwanyamazia wauza vidonge vya vitamini wa minadani, wanaotangaza kwa spika kwamba vinaondoa "sumu zote mwilini". Mama anauza mbuzi anunue kopo! Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba vijana wazima waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E kwa wingi walikosa faida waliyoipata wenzao wasiomeza: insulini haikuongeza nguvu, wala kinga za mwili hazikupanda. Mchicha na papai viko shambani. Mbuzi abaki zizini.

Watu wetu ni hodari, hilo halina ubishi. Uhodari huo sasa tuuhamishie kwenye afya. Mgonjwa asiache dawa. Anayetumia insulini amwone daktari kwanza na abebe kitu kitamu, maana sukari huweza kushuka ghafla. Avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila jioni. Mke amsindikize mume, jirani amwite jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta: anza kesho alfajiri, bodaboda akikupigia honi mpungie mkono, uendelee na safari yako.