Makofi si Haki

Ifikapo mwezi wa Machi kila mwaka, wapenzi wa mpira wa kikapu katika Marekani huikumbuka tena tarehe 19 Machi, 1966. Usiku wa siku hiyo, mjini College Park katika jimbo la Maryland, chuo cha Texas Western, kilichotoka El Paso mpakani mwa Mexico, kilikishinda chuo cha Kentucky kwa pointi 72 kwa 65, kikatwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Wazee walioushangilia mchezo ule wangali wakiwasimulia wajukuu wao, nao wana haki ya kufurahi. Lakini sisi twaona kwamba hadithi hiyo husimuliwa nusu tu, na nusu ya hadithi huweza kupotosha sawa na uongo.

Kwanza yafaa tuueleze ushindi wenyewe. Kentucky ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya timu bora nchini. Mwalimu wake, Adolph Rupp, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa mara 4, na wachezaji wake wote walikuwa Weupe. Don Haskins, mwalimu wa Texas Western, aliwaanzisha Weusi watano, jambo ambalo halijapata kuonekana katika fainali hiyo. Siku zile ulikuwapo uvumi, ulioaminiwa hata na watu wenye elimu, kwamba mtu mweusi anayo miguu na mikono ya mchezo lakini hana kichwa cha kuuongoza. Kwamba akikosa Mweupe wa kumtuliza uwanjani atavurugika. Haskins alikuwa na wachezaji 12, na 7 kati yao walikuwa Weusi. Usiku ule aliwatumia hao 7 peke yao. Alieleza baadaye kwamba hakukusudia kulifundisha taifa somo lolote. Alitaka kushinda, basi akachagua walio hodari.

Nao walishindaje? Tazameni hesabu. Katika mwendo wa mchezo Kentucky walitia mpira kikapuni mara 27, na Texas Western mara 22 tu. Ushindi ulipatikana kwa mitupo ya adhabu, ile apewayo mchezaji aliyechezewa vibaya, asimame peke yake mbele ya kikapu, ukumbi mzima ukimtazama. Texas Western walitia 28 kati ya 34. Naye Bobby Joe Hill, ambaye hakuwa mrefu kwa kimo cha mchezo huo, aliwapokonya wapinzani mpira mara mbili mfululizo katika kipindi cha kwanza, akafunga mara zote mbili. Mambo hayo hayafanywi na miguu mitupu. Hufanywa na kichwa kilichotulia na mazoezi ya siku nyingi. Uongo ulikanushwa kwa kazi.

Hapana shaka milango ilianza kufunguka. Mwaka 1967 Perry Wallace wa chuo cha Vanderbilt alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi ya vyuo vya kusini, ile ile ya Kentucky, akavumilia matusi ya kila namna. Kentucky wenyewe walimchezesha Mweusi wa kwanza mwaka 1970. Lakini asidhani mtu kwamba mchezo mmoja ndio uliovunja kufuli. Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 zilikwisha kutangulia, nazo zilidaiwa na watu walioandamana, wakapigwa, wakafungwa.

Sasa tuitazame ile nusu isiyosimuliwa. Mwaka 1968, miaka miwili tu baada ya shangwe zile, wanariadha Weusi wa chuo hicho hicho cha El Paso walikataa kushindana na chuo cha Brigham Young, kwa sababu kanisa lenye chuo hicho lilikuwa likiwanyima Weusi ukuhani. Waliondolewa katika timu. Mmoja wao, Bob Beamon, alipoteza msaada wake wa masomo. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, Beamon aliruka mita 8.90, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 1991.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Vijana hawa walichumia juani, na chuo kikala kivulini. Walipoinua mpira walipigiwa makofi. Walipoinua sauti walifukuzwa. Mtu asifiwaye kwa nguvu zake na kukatazwa kunena hajaheshimiwa bado, ametumiwa tu. Kila mfanyakazi alijua jambo hili, maana naye husifiwa siku ya mavuno na kuambiwa anyamaze siku ya mshahara.

Mwaka 2007 timu nzima ya 1966 iliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Ni vema, ingawa Hill, aliyefariki mwaka 2002, hakuiona siku hiyo. Sisi twasema: wacheni mashabiki waikumbuke Machi ya 1966 kwa nderemo zote. Lakini watakapomtaja Hill aliyepokonya mpira, wamtaje na Beamon aliyekataa kuruka. Ushujaa wao ulikuwa mmoja.