Wimbi Halingoji Mchoraji

Kuna madai mawili yatembeayo katika vyumba vya mafunzo ya sanaa, na yote mawili hudhuru. La kwanza husema kwamba kuchora bahari kama ilivyo ni kazi iliyokufa tangu kamera ilipozaliwa. La pili husema kwamba picha ya kamera ikiwekwa mezani na kunakiliwa kwa uangalifu, bahari ya kweli imepatikana. Wenye madai haya hujiona mahasimu. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote hudhani kwamba kuchora maji ni kunakili maji.

Wimbi halinakiliki. Mti husimama, mlima hungoja hata jioni. Wimbi huinuka, huvunjika na kutoweka kabla burashi haijachovywa rangini. Kila aliyepata kulichora kwa kulikabili amechora kitu ambacho hakikuwapo tena mbele ya macho yake. Alichokitia katika turubai si nakala, bali ni maarifa.

Hata kamera haikuisema kweli ya bahari kwa wepesi kama inavyosifiwa. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipata sifa kubwa kwa picha zake za bahari. Sahani za siku zile zilishindwa kupokea mbingu na maji kwa mara moja: maji yakionekana vema, mbingu hupauka. Kwa hiyo baadhi ya picha zake aliziunga kwa sahani mbili, moja ya mbingu na moja ya bahari. Kilichodhaniwa kuwa ushahidi kilikuwa kimetungwa.

Ni maarifa gani basi yatakiwayo? Kwanza ni ya nuru. Mwanafunzi hufundishwa kwamba bahari ni buluu, naye huipaka buluu kutoka ufukoni hata upeo wa macho. Maji hayana rangi moja. Ayatazamaye wima kutoka juu huona ndani yake, kwani sehemu 2 tu hivi katika 100 za nuru humrudia. Ayatazamaye kwa mbali, kwa mshazari, huona mbingu kama katika kioo. Ndiyo sababu uso wa wimbi ulioelekea kwa mtazamaji huwa mzito wa rangi, na maji yaliyolala nyuma yake hung'aa. Jua likiwa nyuma ya wimbi, ukingo wake mwembamba huwa kijani. Povu nalo ni jeupe kwa sababu ya mapovu madogo yatawanyayo nuru, wala chokaa iliyomwagwa juu ya maji haifanani nalo.

Pili ni maarifa ya mwendo. Katika kina kirefu maji hayasafiri pamoja na wimbi. Huzunguka karibu na mahali pale pale. Wimbi likifika penye kina kifupi, chini hukawia, juu hutangulia, likaanguka. Wimbi la mita 3 huanguka penye kina cha mita 4 hivi. Achoraye wimbi linaloanguka amekwisha kuchora na mchanga au mwamba ulio chini yake, ajue asijue.

Ivan Aivazovsky, aliyezaliwa Feodosia mwaka 1817, alichora bahari kwa kumbukumbu, akiamini kwamba mwendo wa maji haukamatwi papo hapo. Nuru ya picha yake ya mwaka 1850, Wimbi la Tisa, ni ya ajabu. Lakini watu wake wamo katika bahari kuu, na mawimbi yamejikunja kama yafanyavyo pwani. Bingwa huyo naye alikosea pale kumbukumbu ilipokosa ulinzi wa maarifa. Winslow Homer alihamia Prouts Neck, katika jimbo la Maine, mwaka 1883, akakaa na Atlantiki mlangoni. Picha yake Northeaster ya mwaka 1895 ilikuwa na watu wawili miambani. Baadaye akawafuta, akakuza mrusho wa maji. Aliyejua bahari aliona kwamba bahari yatosha.

Watasema wengine kwamba maarifa haya huua hisia. Neno hilo ni kimbilio la uvivu. Nani huogopa dhoruba zaidi, ajuaye nguvu zake au asiyezijua? Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Lugha ya Kiswahili yenyewe hutenga bamvua na maji mafu, maji kujaa na maji kupwa. Mvuvi asiyejua kusoma hutofautisha mambo ambayo mwenye shahada ya sanaa huyapaka rangi moja. Ni aibu iliyoje kwa chuo!

Mwalimu aipendaye kazi yake na aiweke kando picha ya kamera, awapeleke wanafunzi ufukoni wakae kutoka maji kupwa hata maji kujaa, mikono mitupu. Siku ya pili ndipo wapewe rangi.