Wafawidhi wa wodi wafundishwe kuongoza

Mhariri,

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, hotuba hurudia mishahara na uhaba wa watumishi. Ni kweli tupu. Lakini lipo jambo lisilohitaji bajeti kubwa: namna muuguzi mfawidhi anavyoishi na walio chini yake.

Mfawidhi ndiye hupanga zamu, hupitisha maombi ya likizo na hupendekeza nani aende semina. Akiwapangia usiku watu walewale kila mwezi, au akimkaripia muuguzi mbele ya wagonjwa na ndugu zao, ari ya kazi hufa. Baya zaidi, muuguzi anayeogopa kufokewa atashawishika kuficha kosa la dawa badala ya kuliripoti mapema, na anayeumia ni mgonjwa. Wengine huomba uhamisho, wengine hukimbilia hospitali binafsi au huacha uuguzi kabisa.

Wafawidhi wengi hukabidhiwa wodi kwa sababu ya ujuzi wa tiba au miaka kazini. Kuongoza watu hawakufundishwa, nao hutenda kama walivyotendewa.

Napendekeza ratiba ya zamu ibandikwe mapema, ili mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani ajipange. Mfawidhi mpya apate mafunzo ya uongozi kabla ya kushika wodi. Na tathmini ya utendaji isiwe ya bosi kumpima mtumishi tu. Wauguzi nao waulizwe kwa siri wanavyoongozwa, na majibu yao yafanyiwe kazi.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro