Shikamoo Si Helo

Kila aliyekaa kwenye darasa la uandishi hapa Marekani anaijua ile kanuni: onyesha, usieleze. Usituambie Asha ni mkorofi, mwache aubamize mlango, tutamjua wenyewe. Sawa, kanuni nzuri. Ila waandishi wa kwetu wana silaha nyingine, na sisi tuliokulia huku New Hope tunaitupa bila hata kuiangalia: namna watu wanavyoitana.

Chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Anaondoka kwao na tajiri Aziz, akiamini ni mjomba wake. Kule dukani anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, naye anamfumbua macho: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid. Basi. Yaani baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Kwa badiliko la neno moja tumewajua watatu: tajiri asiyehitaji kupiga kelele, Khalil aliyekwisha kujifunza mahali pake, na mtoto ambaye hajaelewa kuwa ameshalipiwa deni.

Au Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya 1978. Mtumishi wa kasri ni mwanamke mtu mzima, lakini jina lake ni Kijakazi. Huhitaji kuambiwa pale nani anaonekana mtu na nani haonekani.

Najua mtaniletea Shaaban Robert. Eti Adili na Nduguze ni ya kizamani, mwema anaitwa Adili, wabaya ni Hasidi na Mwivu, siri iko wapi? Mimi naona jina pale ni ahadi tu. Tunamwamini Adili pale anapolazimika kuwapiga usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, kisha anawabembeleza. Jina limesema, mkono umethibitisha.

Sasa tujiangalie sisi. Tukiandika hadithi zetu kwa Kiingereza, mama mdogo, shangazi na mke wa mjomba wote wanageuka neno moja. Shikamoo inakuwa helo. Jamani, helo haina mkubwa wala mdogo! Shikamoo ina mwelekeo, na ndiyo maana inaweza kunyimwa. Hebu mweke binti mlangoni baada ya miezi sita ya kununiana na baba yake. Anasema, "Habari." Baba, bila kuinua macho kwenye simu, anajibu, "Marahaba." Amejibu salamu ambayo hakupewa. Hapo una watu wawili wazima, ugomvi wao, na kiburi cha kila mmoja, bila sentensi hata moja ya maelezo.

Wengi wetu tunaona aibu, tunasema Kiswahili chetu ni cha jikoni tu. Lakini nani anamwita nani vipi, na lini anaacha kumwita hivyo, tulijifunza huko huko jikoni. Hicho ndicho mwandishi anachohitaji. Kwa hiyo ukiandika, acha shikamoo ibaki shikamoo. Msomaji asiyeijua ataona jinsi baba alivyojibu, na ataelewa.