Cheti cha asili na mifupa ya Rusinga

Mfanyabiashara mdogo atokaye Sop Sop, wilayani Tororo, na mahindi yasiyozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha asili kuvuka Busia. Kwa mahindi, swali la asili ni halali. Kwa binadamu, jibu lake limeutangulia mpaka.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la sokwe wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Spishi hiyo leo huitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyekuwa fundi wa kutafuta visukuku. Mwaka 2011 fuvu la sokwe mwingine wa kale, wa miaka kama milioni 20, lilipatikana Napak, Karamoja. Yote mawili yalihifadhiwa na majivu ya volkano, na Mwamba wa Tororo wenyewe ni masalia ya volkano.

Mpaka je? Hadi 1902 upande wa Kisumu ulitawaliwa kama sehemu ya Uganda, kisha Waingereza wakauhamishia himaya iliyokuja kuwa Kenya. Jopadhola nao husimulia kwamba Adhola alibaki Tororo, nduguye Owiny akaendelea mbele hadi Kenya.

Hata hivyo, fuvu la Rusinga lilikaa London miaka mingi kabla ya kurudi Nairobi, na la Napak lilipelekwa Paris kuchunguzwa. Mtoto wa Sop Sop hajaona hata nakala.

Kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi 2018 kingefaa kuweka nakala za mafuvu hayo, zenye maelezo ya Kiswahili, pale wafanyabiashara wanapopanga foleni. Wapo watakaosema mpakani panahitajika maghala na vyoo, si mifupa. Hoja hiyo ina uzito, na maghala yatangulie. Lakini nakala ya plasta haigharimu ghala.

Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, lilikuwa suala la afya, la kupimwa maabara. Mitaani lilianza kusikika kama suala la nani mwenyeji na nani mgeni. Mifupa haitapima sumukuvu. Itamkumbusha tu anayegonga muhuri, na anayegongewa, kwamba gunia ndilo lenye nchi. Wao wawili asili yao ni moja.